Kidonda Kukatwa Si Kuisha: Ngoja Karatasi ya Laboratwari



Somo letu la leo ni juu ya ngozi. Ngozi ndiyo nguo ya kwanza ya mwili. Inakutana na jua, asidi, moto, chuma na mafuta kabla ya kiungo kingine chochote. Ikichubuka, tunapaka dawa na kurudi kazini. Lakini kuna vidonda na madoa ambayo hayaponi kwa dawa ya kupaka, kwa sababu ndani yake mna kanseri.

Kanseri nyingi za ngozi huponywa kwa kisu, zikikatwa mapema na zikikatwa zote. Shika maneno haya mawili: mapema, na zote. Watu wengi wanaelewa la kwanza. La pili ndilo linalosahauliwa. Mtu anakatwa kidonda, anashonwa, nyuzi zinatolewa, kovu linakuwa zuri, naye anasema, «Nimepona.» Bado hajui kama amepona. Soma somo hili mpaka mwisho, kisha umsomee na bibi yako na wazee nyumbani.

1. KANSERI YA NGOZI NI KITU GANI?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani vijipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli za ngozi huzaliwa, hukaa siku zake, hufa na kuanguka kama ukoko unaotoka unapojisugua kwa sabuni. Katika kanseri, seli fulani hazifi tena kwa wakati wake. Zinazaana bila mpango, zinaingia katika nyama ya jirani, na mwisho zinaweza kusafiri kwa njia ya limfu au damu mpaka kwenye tezi, mapafu au kichwa.

Aina kubwa zinazokatwa kwa kisu ni tatu:

(a) Kanseri ya seli za magamba. Kwa watu wenye ngozi nyeusi hii ndiyo inayoonekana zaidi. Hupenda kovu la zamani na donda la siku nyingi, hasa mguuni.

(b) Kanseri ya seli za chini ya ngozi. Huenda polepole, mara nyingi usoni. Ni chache kwa mtu mweusi, nyingi kwa mzungu na kwa mtu mwenye ualbino. Ni mara chache sana inasafiri mbali, lakini inakula pua, jicho na sikio pole pole.

(c) Melanoma, kanseri ya seli zinazotoa rangi nyeusi. Kwetu hupenda wayo wa mguu, kiganja na chini ya ukucha. Hii ndiyo kali kuliko zote tatu.

Kuna nyingine inayoitwa Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi na miguu kuvimba. Hiyo hutibiwa zaidi kwa dawa kuliko kwa kisu, na mgonjwa hupimwa pia virusi vya Ukimwi. Hatutaisema zaidi leo.

2. KWETU INAINGIA KWA MILANGO GANI?

Mlango wa kwanza ni kovu la moto na donda lisilofunga. Mwaka 1828 munganga Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vinavyoota katika makovu, na mpaka leo kanseri ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake. Mtoto aliangukia moto wa jikoni. Kijana alimwagikiwa na asidi ya kiwanda. Mwingine alipata donda la mguu shambani, likakaa miaka likifunga na kufunguka. Kanseri inaweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo mtu aliyeungua utotoni kijijini anaweza kuipata wakati yeye sasa ni kapita karibu na pensheni.

Mlango wa pili ni wayo. Mtu hatazami nyayo zake. Doa jeusi linakua pale chini, mwenyewe anafikiri ni mwiba au damu iliyoganda kwa sababu ya kiatu.

Mlango wa tatu ni jua kwa ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Ndugu zetu wenye ualbino wamo katika hatari kubwa tangu utoto. Na sisi wa Lualaba tunakaa juu: Kolwezi iko mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda, miale ya jua inayochoma inazidi. Ubaridi wa asubuhi za Juni usikudanganye.

Mlango wa nne ni kazi yenyewe. Lami na mafuta machafu ya mashine yanayolowanisha nguo na kugusa ngozi miaka mingi yanaweza kuleta kanseri. Jambo hili lilijulikana tangu 1775, wakati mpasuaji Percivall Pott wa London alipoona kanseri ya ngozi ya mapumbu kwa watu waliosafisha masizi katika mabomba ya moshi. Arseniki, ambayo katika migodi mingine hukaa pamoja na shaba na kutoka katika moshi na vumbi la tanuru, nayo inaweza kuleta vijipande vigumu viganjani na nyayoni, kisha kanseri. Na mwanga wa kuchomelea vyuma una miale ile ile mibaya iliyomo katika jua.

3. KWA NINI KISU KIKATE HATA NGOZI NZURI?

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Mgonjwa anamwona munganga akichora mstari kwa wino kuzunguka kidonda, na mstari ule unapita katika ngozi isiyo na kitu. Anauliza: «Munganga, mbona unakata na ngozi yangu nzima?»

Wewe unayefanya kazi karieri unaweza kumjibu. Ukisimama juu ya shimo, huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mawe yenye shaba yanapoishia na mawe matupu yanapoanza. Malakiti ya kijani unaiona, ndiyo. Lakini madini hayaishii pale rangi ya kijani inapoishia. Ndiyo maana watu wa jiolojia wanatoboa mashimo, wanatoa karoti za mawe, wanazipanga katika masanduku na kutuma vipande laboratwari. Laboratwari ndiyo inayosema mpaka uko wapi.

Kanseri ni vivyo hivyo. Kile unachokiona ni sehemu iliyojitokeza. Chini na pembeni kuna vidole vyembamba vya seli vilivyokwisha kuingia katika ngozi inayoonekana nzima. Ukikata sawa na ukingo wa kidonda, unaacha vidole vile ndani. Ngozi itafunga juu yake, kovu litakuwa safi, na chini kanseri itaendelea na kazi yake.

Basi munganga anaongeza ukanda wa ngozi nzuri pande zote, na tabaka la nyama nzuri chini. Ukanda huo ni ukingo wa usalama. Upande wa chini usisahauliwe: mtu anaweza kukata kwa upana na bado akaacha kanseri kwa kwenda juu juu.

4. UKINGO UWE MPANA KIASI GANI?

Haukatwi kwa kukisia tu. Wapasuaji wamepima kwa miaka mingi, na hesabu wanazofuata ni kama hizi:

— Kanseri ya seli za chini ya ngozi, ndogo kuliko sentimita 2 na yenye mpaka unaoonekana vizuri: milimita 4 pande zote. Kwa ukingo huo, kama wagonjwa 95 katika 100 wanaondolewa kanseri yote kwa mara moja.

— Kanseri ya seli za magamba, ndogo na isiyo kali: milimita 4 hadi 6. Ikiwa kubwa, ikiwa imezama, ikiwa mdomoni au sikioni, sentimita 1 au zaidi. Ile ya kovu la moto ni kali kuliko ndugu zake, na wapasuaji wengi huichukulia sentimita 2.

— Melanoma: kwanza doa lote hukatwa kwa ukingo mdogo, kama milimita 2, likapimwe unene. Kisha mgonjwa hurudi kukatwa kwa upana unaofaa: sentimita 1 ikiwa melanoma ni nyembamba, milimita 1 au chini yake, sentimita 1 hadi 2 ikiwa kati ya milimita 1 na 2, sentimita 2 ikiwa nene zaidi. Habari ya kupima unene huo ilitolewa na munganga Alexander Breslow mwaka 1970.

Usishangae kwamba hesabu zilibadilika. Baada ya mafundisho ya mpasuaji William Sampson Handley ya mwaka 1907, waganga walizoea kukata melanoma hadi sentimita 5 pande zote. Baadaye wakalinganisha wagonjwa wengi, wakaona kwamba sentimita 2 zinatosha. Kukata sana hakuongezi uzima kila mara. Kukata pungufu ndiko kunakorudisha mgonjwa.

5. NYAMA ILIYOKATWA INAKWENDA WAPI?

Isitupwe! Nyama ile ndiyo ushahidi. Munganga anafunga uzi upande mmoja wake, tuseme upande wa juu, ili fundi wa laboratwari ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Kisha inawekwa katika chupa yenye dawa ya formoli, dawa ikizidi nyama kama mara kumi. Juu ya chupa, siyo juu ya kifuniko tu, yanaandikwa jina, tarehe na mahali pa mwili ilipotoka. Kama hospitali haina mtaalamu wa kupima nyama, chupa inasafirishwa mpaka mji wenye mtaalamu, kwa mfano Lubumbashi, kama kilomita 300 kutoka Kolwezi.

Kule laboratwari wanapaka wino kwenye kingo zote za kipande. Wanakikata vipande vyembamba kama mkate, wanavitia rangi, kisha wanavitazama kwa mikroskopu. Wakiona seli za kanseri zimegusa wino, maana yake kisu kilipita katikati ya kanseri, na nyingine imebaki mwilini. Wakiona nafasi ya nyama nzuri kati ya kanseri na wino, wanapima nafasi hiyo kwa milimita.

Jua mambo mawili zaidi. Kwanza, ngozi iliyokatwa hujikunja, tena katika formoli. Munganga akikata milimita 5, karatasi inaweza kusema 4. Hakukuibia. Pili, vipande vile ni kama karoti za foraji: vinaonyesha pale vilipopita, siyo kila mahali. Katika njia ya kawaida, mtaalamu anaona kwa macho yake chini ya sehemu 1 katika 100 ya ukingo wote. Kwa hiyo hata karatasi nzuri haikuondolei kazi ya kurudi kutazamwa.

Munganga Frederic Mohs wa Marekani, katika miaka ya 1930, alianzisha njia ya kukata tabaka kwa tabaka na kutazama ukingo wote papo hapo, mpaka usiwe na kanseri tena. Ni njia nzuri sana, hasa kwa uso, lakini inataka mtaalamu na vyombo vya pekee. Pasipo na vyombo hivyo, kuna njia nyingine ya busara: munganga anakata, anafunika jeraha kwa bandeji safi, na hafanyi kiraka cha ngozi mpaka karatasi ifike. Ukiambiwa, «Tutangoja kabla ya kufunga,» usidhani munganga amekusahau. Anaogopa kufunika kanseri kwa kiraka.

6. JINSI YA KUISOMA KARATASI

Karatasi zetu huandikwa kwa Kifaransa. Siyo lazima ujue maneno yote. Tafuta haya:

«Exérèse complète», au «limites saines», au «marges saines»: kanseri imetoka yote, kingo ni safi.

«Exérèse incomplète», au «limites envahies»: kanseri imegusa ukingo, kazi haijaisha.

«Limites latérales» ni kingo za pembeni. «Limite profonde» ni upande wa chini.

Kama karatasi haisemi neno lolote juu ya kingo, muulize munganga: «Na kingo, je? Ni safi?» Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mwili ni wako.

Omba nakala ya karatasi. Iweke pamoja na kitabu chako cha matibabu, mahali mvua na panya havifiki. Munganga mwingine, katika mji mwingine, mwaka mwingine, atakuwa na haja nayo.

7. KINGO ZIKIWA CHAFU, TUFANYE NINI?

Usikate tamaa, wala usikimbie. Kukatwa mara ya pili si alama kwamba munganga wa kwanza hakujua kazi. Hakuna anayeona seli kwa macho. Siku ile ya kwanza jeraha bado ni dogo na kanseri iliyobaki ni chache, kwa hiyo kukatwa tena mapema ni rahisi. Ukingoja mpaka ijitokeze yenyewe, itakuwa imekwisha kupita chini ya kovu, na kovu linaficha.

Ni kweli kwamba si kila kanseri ya seli za chini ya ngozi iliyobaki hurudi. Lakini hakuna anayeweza kukuambia kama yako ni ile itakayorudi au ile itakayokaa kimya. Na ya seli za magamba isichezewe: ikirudi huja na ukali zaidi, na inatafuta tezi. Mara nyingine munganga ataongeza matibabu ya miale.

Dunia nzima inamjua mwimbaji Bob Marley. Mwaka 1977 alipimwa akaonekana na melanoma chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Waganga walishauri kidole kikatwe. Yeye hakukubali, akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Kanseri ilienea mwilini, naye akafa Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba kidole kile kingemwokoa. Lakini habari yake inatufundisha kwamba mtu mweusi, kijana, mwenye nguvu za kucheza mpira, anaweza kuwa na kanseri chini ya ukucha, na kwamba swali la «tukate kiasi gani» si swali dogo.

8. UKIWA NA SAFARI YA SANDOA

Wengi wetu hapa Kolwezi tuna wazee wetu Sandoa, Kapanga na Dilolo. Tuchukue mfano, wa kufikiri tu. Mzee mmoja wa Sandoa, anayelima mihogo kando ya mto Lulua, ana kovu la moto kwenye mfupa wa mguu tangu utoto. Mwaka huu kovu limefunguka. Donda linanuka, kingo zake zimeinuka kama uyoga, linatoka damu likiguswa. Mtoto wake, fundi wa mashine hapa kwetu, anamleta kwa njia ya Kasaji na Mutshatsha. Mzee anakatwa. Baada ya siku kumi na nne nyuzi zinatoka. Mvua inakaribia, barabara itaharibika, mashamba yanangoja. Mzee anasema, «Mwanangu, nirudishe nyumbani.» Mtoto anamtii baba yake, kama ilivyo desturi. Karatasi inafika baada ya wiki tatu: upande wa chini si safi. Haina wa kumsomea. Mzee atarudi mwaka ujao, tezi za paja zimevimba, na safari hii mpasuaji hatazungumza habari ya ngozi. Atazungumza habari ya mguu mzima.

Nani amekosa hapa? Hakuna mbaya katika hadithi hii. Kumekosekana mpango. Mpango wenyewe ni huu:

Kabla ya kukatwa, uliza: Nyama itapelekwa laboratwari? Jibu litafika lini? Nani atalipokea? Bei yake ni nani anayeilipa? Panga fedha ya kipimo pamoja na fedha ya kukatwa. Kukata bila kupima ni nusu ya kazi.

Acha hospitalini nambari mbili za simu: ya mgonjwa na ya mtu wa Kolwezi. Zamani jibu lililofika baada ya mgonjwa kuondoka lingengoja barua na gari moshi. Leo picha ya karatasi inaweza kufika Sandoa siku hiyo hiyo, ikiwa tu kuna mtu anayejua kwamba anaingojea.

Kama mzee anaweza kukaa kwako mpaka jibu lije, akae. Kama hawezi, mpe karatasi fupi ya munganga kwa ajili ya enfirmie wa kituo cha afya cha kwao, ili ajue kilichokatwa na cha kutazama. Na mwambie mzee tangu mwanzo, kwa heshima: «Baba, tukiitwa tena, tutarudi.» Mzee aliyeahidiwa mapema hatashangaa.

9. MAMBO YA KUKATAZWA

Usichome doa au kidonda cha muda mrefu kwa asidi ya betri, kwa chuma cha moto, wala kwa dawa kali ya mizizi. Unachoma kile cha juu, cha chini kinabaki, na ushahidi wa kupeleka laboratwari unaharibika. Hatusemi dawa zote za wazee ni mbaya. Tunasema kidonda kisichofunga wiki sita kipimwe kwanza.

Usimwambie enfirmie akukate haraka pembeni ili urudi kazini. Kipande kidogo cha kupima kikichukuliwa, kitolewe kwenye ukingo wa kidonda, siyo katikati palipooza.

Usikubali nyama itupwe.

10. KUZUIA NI BORA

Jeraha kubwa la moto au asidi: osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, muda mrefu, kisha hospitali. Jeraha lisilofunga litiwe kiraka cha ngozi mapema. Donda lililofunga vizuri halipati Marjolin kwa urahisi.

Sudere: kinyago, mikono mirefu, shingo imefungwa. Fundi wa mashine: badilisha ovaroli iliyolowa mafuta, usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni, oga kabla ya kwenda nyumbani.

Kila Jumapili, ukiwa unakata kucha, tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Doa jeusi linalokua, lenye rangi zisizolingana au mpaka uliochongoka, au mstari mweusi unaopanuka katika ukucha mmoja, lionyeshe.

Mwenye mtoto wa ualbino: kofia pana, mikono mirefu, suruali ndefu, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mafuta ya kukinga jua yakipatikana. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Huko ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na watumishi wake huwafuata hata vijijini kuwatazama. Funzo lao linatufaa na sisi: doa dogo likikamatwa mapema, ukingo wa milimita chache unatosha, na kovu halizidi ukucha.

Ukisha kukatwa, hata karatasi ikiwa nzuri, rudi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa kanseri ya seli za magamba: munganga atazame kovu na apapase tezi kila miezi mitatu hadi sita, au kama atakavyokupangia. Wewe mwenyewe papasa kila mwezi. Kijiuvimbe kipya, kigumu, kisichouma, ni sababu ya kwenda, siyo ya kungoja.

JIPIME MWENYEWE

Swali: Nyuzi zimetoka na kovu ni zuri. Nimepona?
Jibu: Hujui bado. Ngoja karatasi.

Swali: Kwa nini munganga anakata ngozi isiyo na ugonjwa?
Jibu: Kwa sababu kanseri ina vidole visivyoonekana kwa macho, pembeni na chini.

Swali: Karatasi imeandikwa «limites envahies». Nifanye nini?
Jibu: Rudi kwa munganga upesi, ukatwe tena wakati bado ni kidogo.

Swali: Sisi weusi hatupati kanseri ya ngozi, sivyo?
Jibu: Si kweli. Tazama makovu ya zamani, nyayo na kucha.

Swali: Mzee wangu anataka kurudi Sandoa kesho. Nimzuie?
Jibu: Msemezane kwanza. Akienda, nambari ya simu ibaki hospitalini, karatasi ya munganga iende naye, na neno la kurudi liwe limekwisha kusemwa.

Kata ukurasa huu, uubandike karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Na kesho, ukimwona mwenzako anachechemea na bandeji ile ile ya tangu Krismasi, umwulize: «Donda hilo lina muda gani?»